Kodiani ya Pili

Jirani wa chumba cha pili alivumilia majuma mengi kabla ya kuuliza. Alikuwa mama mwenye adabu zake, ila masikio yake yalisikia mpaka sukari ikikorogwa ng'ambo ya ukuta. Siku hiyo alibisha hodi, mwiko bado mkononi, akasema, "Samahani babu, sina ubaya. Huo wimbo unaoupiga kila jioni ni wimbo gani? Wanangu wanataka kuuimba, lakini hawajui unaanzia wapi."

Mzee akaitazama kodiani iliyokuwa mapajani mwake. Akaona haya. "Si wimbo, mama. Ni chini yake."

"Chini ya nini?"

"Chini ya wimbo."

"Ahaa," akaitikia yule mama, kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewa na hataki mambo yawe marefu, akarudi kwenye sufuria lake.

Lakini mzee hakuwa amemdanganya. Alikuwa fundi wa viatu na mikoba, na kodiani alikuwa ameishika tangu ujanani, ila katika umri wake wote hakuwahi kupiga wimbo. Alipiga ya pili. Kaka yake ndiye aliyeushika wimbo wenyewe, ule ambao watu huondoka nao mdomoni; yeye alikaa chini kwa sauti nzito, akiitikia, akijaza. Tena walikuwa na mtindo wao. Kodiani hupumua kwa mvukuto, ule mfuko wa mikunjo ulioko katikati, na mpigaji anapomaliza kuvuta akaanza kusukuma, sauti hukatika kidogo, hata awe bingwa wa mabingwa. Ndugu hawa waliliziba pengo hilo. Kaka akivuta, mdogo anasukuma. Kaka akigeuza, mdogo yuko katikati ya pumzi. Ukumbini ilisikika sauti moja ndefu isiyo na mshono, na watu walimsifu kaka kwa hilo. Walisema ana mkono wa ajabu.

Wenzao waliwaita Kichwa na Tela, kama yale malori marefu ya mizigo. Nani awe Kichwa na nani awe Tela, mdogo hakuulizwa. Jina lilimganda mpaka wateja wa viatu wakamwita hivyo hivyo, na wako waliodhani ndilo alilopewa na mama yake.

Kibanda chake kilikuwa upenuni mwa duka la vifaa vya umeme: kiti kifupi, chuma cha kugongea soli, kopo la gundi, na uzi alioupaka nta mpaka ukang'aa. Kazi ya ngozi ilimfaa. Kiatu huletwa na mwenyewe, mwenyewe huonyesha kinapovuja, na fundi huanzia hapo. Hakuna anayemtaka fundi viatu aanzishe mazungumzo.

Hata kuoa kulimpita kwa sababu hiyo. Alimpenda mwanamke mmoja muuza vitambaa, na yule mwanamke, kwa ushahidi wa viatu vizima alivyokuwa akivileta eti vimefumuka, hakuwa mbali. Tela akangoja kaka yake arudi safari amsemee. Kaka aliporudi, mwanamke alikuwa ameshachumbiwa na dereva wa lori la mchanga.

"Ulishindwa hata kumsalimu?" kaka aliuliza.

"Nilimsalimu. Akaitika. Baada ya hapo ningesema nini?"

Kaka alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akamshika bega. Hawakuligusa tena jambo hilo, na mwanamke mwingine hakutokea, au alitokea naye akangoja asalimiwe.

Kilichompa Tela watu ni Jumamosi. Kikundi chao kilikutana alasiri katika ukumbi wa chama cha maseremala, chumba kirefu chenye madirisha ya juu na harufu ya mbao mbichi. Viti vilipangwa duara. Kinyozi mmoja mwenye maneno mengi ndiye aliyekuwa mwenyekiti na mpiga ngoma. Muuguzi mnene alipiga fidla huku amevua viatu. Fundi bomba na wengine wawili walikuwa na kodiani zao, na hao wakipiga pamoja walifukuzana kama kuku. Kulikuwa na akina mama waimbaji waliogombana kuhusu maneno ya beti tangu wakiwa wasichana na ambao hawakukusudia kupatana. Wachezaji walizunguka nje ya duara, na mabenchi ya wasikilizaji yalikuwa ukutani. Kelele za mahali pale zilifika sokoni. Mtu angeingia na huzuni zake akajikuta kisigino kinagonga sakafu bila ruhusa yake.

Kikundi kilikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: anayekalia kiti cha duara hufungua. Zamu yako ikifika unapiga ubeti wa kwanza peke yako, wenzako mikono mapajani, ndipo wanaingia. Asiyeweza kufungua hafukuzwi, chai anapewa, heshima anapewa, lakini mahali pake ni benchi. Sharti hilo liliwekwa zamani kuwakomoa wavivu waliojificha nyuma ya kelele za wengine. Kichwa na Tela walihesabiwa zamu moja, ingawa walikalia viti viwili, na hakuna aliyewahi kuuliza siku moja ingekuwaje.

Kisha kaka akafa. Alijilaza mchana baada ya kula, hakuamka. Tela alilia kama mtoto, na hilo halina aibu. Machozi yalikoma kama yanavyokoma ya watu wote. Kilichomshinda ni jioni. Alifunga kibanda, akarudi chumbani, akala alichokula, kisha mikono ikaitafuta kodiani yenyewe. Alipiga sehemu yake, nyimbo zote, moja baada ya nyingine, akisukuma pale ambapo kaka angevuta, akinyamaza pale ambapo kaka angepanda. Nusu ya alichopiga ilikuwa kimya. Ndicho hicho jirani alichokuwa akikisikia ukutani, kitu kisicho na mbele wala nyuma.

Siku moja mwenyekiti alikuja kibandani na kiatu kimoja kwenye mfuko. Tela akakigeuza huku na huku.

"Hiki kizima."

"Najua kizima. Ningekuja mikono mitupu ungejua nina jambo."

"Sasa nimejua."

Kinyozi akajikuna kidevu, jambo lisilo la kawaida, maana kwa kawaida alikuna vya wenzake. "Sikiliza, ndugu yangu. Watu wamesema. Si mimi, watu. Tumekungoja, msiba ni msiba, hakuna aliyekuharakisha. Lakini kuna mpwa wa fundi bomba, binti anapiga vizuri, anangoja kiti. Mwisho wa mwezi ni zamu yenu. Yaani zamu yako. Ukifungua, kiti ni chako mpaka uchoke mwenyewe. Usipofungua, benchi lipo, na chai nitakuletea kwa mkono wangu."

"Kufungua sijui."

"Miaka yote hiyo, Tela?"

"Miaka yote hiyo nilijua kinachofuata. Kinachoanza alikijua yeye."

Kinyozi akachukua kiatu chake kizima, akaenda zake.

Benchi! Tela alishinda na neno hilo siku nzima, akaligonga pamoja na soli. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo watu walimgusa. Walimpa mkono, walimpiga mgongoni, muuguzi alimsukuma kwa kiwiko akikosea. Siku nyingine yeye ndiye aliyegusa viatu vyao. Walioko kwenye benchi hupigiwa makofi na nani? Alijua wazi kwamba akitolewa kwenye duara atakwenda mara mbili, mara tatu, kisha ataanza kusingizia mvua. Na baada ya hapo hakuna mtu ambaye angejua kama yuko hai mpaka viatu vya wateja alivyovitengeneza vikose wa kuvikabidhi.

Akaenda kwa shemeji yake, mjane wa kaka, aliyeishi mtaa wa nyuma katika nyumba ya vyumba viwili yenye jiko uani. Watoto wake walikuwa wametawanyika na kazi zao, wakipiga simu Jumapili.

"Shemeji, umekonda," alimpokea hivyo.

"Na wewe pia."

"Mimi nina sababu. Wewe una uvivu wa kupika. Kaa hapo."

Alimweleza shida yake, kwa kuwa kwake yeye Tela aliweza kusema. Mama huyu alikuwa na tabia ya kuanza mwenyewe na kumalizia sentensi za watu. Akamsikiliza, akaingia ndani, akatoka na kodiani ya marehemu, ile kubwa nyekundu. Ya Tela isingefaa. Vibonye vyake vya mkono wa kulia, vinavyobeba wimbo, vilikuwa vimekakamaa kwa kutoguswa.

Tela akaipokea, na vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwenye mikanda ya mabegani. Aliishona mwenyewe, ngozi mbili zilizobanwa pamoja, uzi wa nta. Hapo kidonda cha zamani kikamchoma.

Miaka mingi nyuma Tela aliwahi kulazwa hospitali kwa ngiri. Jumamosi hiyo kaka alikwenda ukumbini peke yake, akafungua, akapiga wimbo mmoja, kisha akaufunga mvukuto. Akawaambia wenzake mkanda umekatika, akarudi nyumbani jua bado kali. Jumamosi iliyofuata hakwenda kabisa. Tela alipopona alikaribishwa kwa kicheko: fundi gani wewe, mkanda wa kaka yako mwenyewe unakatika! Akaenda akaukagua kwa vidole, mshono kwa mshono. Ulikuwa mzima, hata uzi mmoja haukuwa umelegea. Akaona kwamba kaka alishikwa na uvivu, au maringo, kisha akamtupia yeye lawama, tena juu ya kazi ya mikono yake, mbele za watu. Hakumwuliza. Walipiga pamoja tena, walikula pamoja, walizeeka pamoja, na jambo hilo likakaa ndani yake kama kokoto kwenye kiatu. Na sasa hata wa kumwuliza hayupo.

"Unautazama nini huo mkanda?" shemeji aliuliza.

"Naona kama bado una nguvu."

"Una nguvu. Haya, vaa tuanze."

Hivyo ndivyo mzee mzima alivyofundishwa kuanza wimbo, jikoni, juu ya kigoda, na mwanamke ambaye hakuwahi kushika kodiani isipokuwa kuifuta vumbi. Lakini wimbo alikuwa nao. Alikuwa ameusikia kupitia mlango wa jiko hilo tangu alipoolewa, ukirudiwa na kurudiwa, mpaka alipokuwa akikata vitunguu kisu chenyewe kilifuata. Alimvumia, Tela akatafuta kwa kidole kimoja.

"Hapana, hapo anapanda."

"Hapa?"

"Juu zaidi. Juu, shemeji, unaogopa nini? Hakuna mtu huko."

Sauti yake haikuwa nzuri, na mwenyewe alikiri, lakini mwalimu huchaguliwa na shida. Tela alirudi jioni baada ya jioni. Jirani wa chumba cha pili akashangaa kwa ukimya, akadhani mzee ameugua, akamwachia maji ya moto mlangoni. Jikoni kwa shemeji ubeti ulianza kushikana. Palikuwa na mahali pamoja tu pagumu, kwenye mstari wa tatu, ambapo Tela alisimama kwa muda mrefu kisha akaendelea, kila mara, kwa uaminifu mkubwa.

"Mbona unasimama hapo?" shemeji aliuliza hatimaye.

"Si ndivyo ulivyonivumia?"

Mama akafikiri, kisha akaweka mwiko chini, akacheka, mara ya kwanza tangu azike. "Shemeji! Hapo nilikuwa naonja chumvi!"

Walicheka wote wawili mpaka wakachoka. Baadaye, akitembea kurudi chumbani, Tela alijisikia vibaya kwa kucheka, kisha akajisikia vibaya zaidi kwa sababu mtu wa kwanza aliyetaka kumsimulia kisa cha chumvi alikuwa kaka yake.

Jumamosi ikafika. Shemeji alivaa nguo yake ya kutokea, akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani. Ukumbi ulikuwa umejaa. Yule binti mpwa wa fundi bomba alikuwepo pia, kodiani kwenye begi, akijitahidi kutotazama kiti chochote. Kinyozi alipiga ngoma mara moja kutuliza watu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno. "Zamu ya kiti kile," alisema.

Tela akavaa mikanda. Kando yake kilikuwepo kiti cha kaka, kitupu, hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa. Akavuta.

Wimbo ukatoka. Ulitoka kwa aibu, kidole kimoja kikateleza, lakini ulitoka, ukapanda pale pa kupanda. Akafika mwisho wa mvuto, akageuza ili asukume, na sauti ikakatika.

Akadhani mvukuto umetoboka. Akaendelea. Akageuza tena, ikakatika tena, kidogo tu, pengo la kupitisha kucha. Mtu mwingine asingelisikia. Yeye alilisikia kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akikaa. Umri wake wote alikuwa amekaa ndani ya pengo hilo, na hakuwahi kujua lilivyo, kwa kuwa akiwepo halikuwepo. Sasa alikuwa juu, penye wimbo, mahali alipopaogopa na kupahusudu, akatega sikio chini. Hapakuwa na mtu. Palikuwa patupu kabisa.

Ubeti ukaisha, wenzake wakaingia. Ngoma ikaingia, fidla ikaingia, akina mama wakaanza kuimba kila mmoja na maneno yake, fundi bomba na wenziwe wakafukuzana, sakafu ikatetemeka kwa miguu ya wachezaji. Sauti zilimjaa pembeni, nyuma, juu, kila mahali isipokuwa pale. Alitamani kuacha. Akajikaza, akaupiga wimbo mpaka mwisho, kwenye mstari wa tatu hata hakuonja chumvi.

Makofi yalipigwa ambayo ukumbi ule haukuwa umeyasikia tangu msiba. Muuguzi alimkumbatia na upinde wa fidla mkononi, nusura amtoe jicho. "Tela kawa Kichwa!" kinyozi akapaza sauti, maneno yake yote yamemrudia. "Kiti ni chako, mzee! Nani alisema hawezi? Si mimi niliyesema! Haya, wimbo wa pili huo, wa pili!"

"Wa pili! Wa pili!" ukumbi ukaitikia.

Tela alikuwa ameshaufunga mvukuto. Alikuwa akivua mikanda, bega moja, kisha la pili, na midomo ikasema kabla hajaituma:

"Mkanda umekatika."

Kinyozi akausogelea, akaushika. "Mkanda gani? Mbona mzima huu?"

Lakini Tela hakuwa akimsikia kinyozi. Alikuwa amejisikia mwenyewe. Yalikuwa maneno yale yale, na sasa akaelewa kwamba yalisemwa na mtu aliyekaa kwenye duara hili hili, siku ambayo kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu kwa sababu Tela alikuwa hospitali. Kaka naye alifika kwenye geuzo la kwanza akausikia utupu ule. Aliusikia, akashindwa kusema kwamba amemkosa mdogo wake, akashika kilichokuwa karibu na mkono, ambacho kilikuwa mkanda. Na kwa ajili ya neno hilo Tela alikuwa amemwekea kinyongo mpaka kaburini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na baada ya aibu uchungu ambao mazikoni haukuwa umefika.

Alitoka nje na kodiani mkononi. Shemeji alimfuata, wakasimama kwenye ngazi za ukumbi, ndani wakianza wimbo mwingine. Yule binti, mpwa wa fundi bomba, alikuwa amepewa nafasi ya kujaribu, na alipiga vizuri kweli.

"Siku ile ulipokuwa hospitali," shemeji alisema, "alirudi mapema, akakaa uani na kodiani kifuani, hakuivua. Nikamwuliza una nini, akasema mkanda. Nikautazama, mzima. Nikadhani ana homa."

"Hakuniambia."

"Na wewe hukumwuliza."

Tela akatikisa kichwa. Hakuwahi kuuliza, alikuwa akingoja kaka aanze.

Wakasikiliza kidogo. Kisigino cha shemeji kikagonga ngazi mara mbili, akakizuia.

"Sasa Jumamosi ijayo itakuwaje?" akauliza. "Kiti wamekupa."

Tela akaiweka kodiani nyekundu begani. Aliwaza chumba chake na ukuta wa jirani, akawaza duara, kiti chake na kile cha pembeni.

"Nitaushona kwanza," akasema, "kisha nitarudi."

Shemeji akautazama mkanda begani mwake, ngozi yote, uzi wote uko mahali pake.

"Haya," akasema. "Ushone."